Mtungi wa Pili: Ruzuku ya Nishati Safi ya Kupikia na Afya ya Kaya za Nachingwea na Ruangwa

Katika Kata ya Mtua na vijiji vingine vya Wilaya ya Nachingwea, kama ilivyo kwa majirani wao wa Ruangwa, chakula cha kila siku katika kaya nyingi hupikwa kwa kuni juu ya mafiga matatu. Kuni hizo mara nyingi hazinunuliwi. Huokotwa porini au hutokana na matawi yaliyopogolewa katika mikorosho, na kazi ya kuzitafuta na kuzibeba huwa ya akina mama na watoto wa kike. Katika hesabu ya matumizi ya kaya, nishati hiyo huonekana kuwa ya bure. Gharama yake halisi hujitokeza zahanati: mtoto mwenye nimonia, mama mwenye kikohozi kisichokwisha, bibi ambaye hajawahi kuvuta sigara lakini hushindwa kupanda kilima kifupi bila kupumzika.

Tangu mwaka 2022 Serikali ya Tanzania imelifanya suala la nishati ya kupikia kuwa jambo la sera ya taifa, na fedha za umma zimeanza kutumika kuwapunguzia wananchi gharama ya kuhama kutoka kuni na mkaa. Makala haya yanaeleza jinsi moshi wa jikoni unavyodhuru mwili, Serikali imeamua nini, fedha hizo zinatoka wapi na zinamfikia nani, na kwa nini mhudumu wa afya na mgonjwa wanapaswa kujua kwamba faida ya kiafya haipatikani siku mtungi wa gesi unapoingia nyumbani. Hupatikana pale mtungi huo unapojazwa mara ya pili, ya tatu na kuendelea, huku mafiga yakiachwa.

Moshi unavyoingia mwilini

Kuni zinapoungua bila hewa ya kutosha hutoa mchanganyiko wa gesi na chembe laini. Chembe zinazodhuru zaidi ni zile zenye kipenyo cha maikromita 2.5 au pungufu, yaani takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Kwa udogo wake, chembe hizo hupita puani na kooni bila kuzuiwa, hufika katika vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine huingia katika mzunguko wa damu.

Katika njia ya hewa, moshi hudhoofisha vinyweleo vinavyosafisha makohozi na kupunguza uwezo wa seli za kinga kumeza vimelea. Hii ndiyo sababu mtoto anayekaa jikoni hupata maambukizi ya mapafu kwa urahisi zaidi. Kwa mtu mzima, uvimbe wa muda mrefu katika njia za hewa huzifanya ziwe nyembamba na ngumu, hali inayoitwa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Chembe zinazoingia katika damu huchochea uvimbe katika kuta za mishipa, hupandisha shinikizo la damu na kuongeza hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo. Moshi pia unahusishwa na mtoto wa jicho na saratani ya mapafu.

Gesi inayoitwa kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Kwa mjamzito, hali hiyo humnyima oksijeni mtoto aliye tumboni, na tafiti za uchunguzi zimeuhusisha moshi wa jikoni na kuzaliwa kwa watoto wenye uzito pungufu. Mkaa hutoa moshi mdogo kuliko kuni, na kwa sababu hiyo watu wengi huuona kuwa salama. Hata hivyo, mkaa hutoa kaboni monoksaidi nyingi, na jiko la mkaa lililoachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa linaweza kuua familia nzima usingizini.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba wastani wa chembe hizo laini usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa mwaka, na mikrogramu 15 kwa saa 24. Katika jiko lenye mafiga na madirisha madogo, kiwango hupanda hadi mamia ya mikrogramu wakati wa kupika. Shirika hilo limekadiria kwamba mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Kwa Tanzania, makadirio yanayonukuliwa katika mijadala ya sera ni takriban vifo 33,000 kila mwaka.

Serikali imeamua nini

Utafiti wa kitaifa wa hali ya upatikanaji wa nishati uliofanyika mwaka 2019/20 ulionyesha kwamba asilimia 63.5 ya kaya za Tanzania Bara zilitegemea kuni kama nishati kuu ya kupikia, asilimia 26.2 mkaa, asilimia 5.1 gesi ya mitungi na asilimia 3 tu umeme. Kwa maneno mengine, takriban kaya tisa katika kila kumi zilipika kwa kuni au mkaa.

Mwanzoni mwa Novemba 2022, kongamano la kitaifa la nishati safi ya kupikia lilifanyika Dar es Salaam, na Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza kuandaliwa kwa dira na mpango wa taifa. Taasisi zinazopika chakula cha watu wengi, kama shule, vyuo, magereza na hospitali, ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa kwa hatua, kuanzia na zile zinazohudumia watu zaidi ya 100, ambazo zilipewa muda hadi mwisho wa Januari 2024. Tarehe 8 Mei 2024 Rais alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Lengo lake kuu ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Gharama ya utekelezaji ilikadiriwa kuwa takriban Sh trilioni 4.6 kwa miaka kumi.

Siku chache baadaye, tarehe 14 Mei 2024, Rais Samia alikuwa mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris, Ufaransa, kuhusu nishati safi ya kupikia barani Afrika. Ahadi zilizotolewa na serikali na kampuni mbalimbali zilifikia dola za Marekani bilioni 2.2 kwa bara zima. Hatua hizo zimelitoa suala la jiko katika orodha ya mambo ya nyumbani na kuliweka katika bajeti ya nchi.

Fedha zinatoka wapi, na zinamfikia nani

Chombo kikuu cha kufikisha fedha hizo vijijini ni Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanzishwa kwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005. Sheria hiyo iliunda pia Mfuko wa Nishati Vijijini. Mfuko hupata fedha kutoka bajeti ya Serikali, washirika wa maendeleo na tozo. Mojawapo ya tozo hizo ni asilimia 3 inayokatwa kila mteja anaponunua umeme, na nyingine hutozwa katika kila lita ya petroli na dizeli. Mkulima wa Mtua anayepanda bodaboda kwenda mjini Nachingwea, hata kama nyumba yake haina umeme, tayari amechangia mfuko huo kupitia nauli yake. Ruzuku anayopewa ni sehemu ya fedha yake mwenyewe inayorudi.

Katika mpango unaofahamika zaidi, REA ilitenga mitungi 452,445 ya gesi yenye ujazo wa kilo 6 pamoja na vichomeo vyake, ikauzwa kwa wananchi kwa nusu ya bei baada ya Serikali kulipa nusu nyingine. Kila wilaya ilipangiwa mitungi 3,255. Mnunuzi alilipa takriban Sh 20,000 au pungufu kidogo. REA imetoa pia ruzuku kwa majiko banifu, ambayo hutumia kuni au mkaa kidogo kuliko mafiga.

Idadi hiyo inahitaji kuwekwa katika vipimo vya wilaya. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu Nachingwea kuwa na wakazi zaidi ya 200,000. Ikichukuliwa kwamba kila kaya ina watu wanne, hizo ni kaya zisizopungua 50,000. Mitungi 3,255 hutosha takriban kaya moja katika kila 15. Kwa hiyo ruzuku hiyo ni mwanzo, na ni busara kuiangalia kama mwanzo.

Jambo lingine linalowachanganya wananchi wengi wa mikoa ya kusini ni uhusiano kati ya gesi ya mitungi na gesi asilia. Lindi ni mkoa wa Songo Songo, ambako gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalishwa kibiashara mwaka 2004. Mwananchi huuliza, kwa haki kabisa, kwa nini gesi inayotoka mkoani mwake iwe ghali nyumbani kwake. Jibu ni kwamba gesi asilia husafirishwa kwa bomba, na hutumika zaidi kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Gesi ya mitungi ni bidhaa tofauti, huagizwa kutoka nje ya nchi kwa meli, hupokelewa katika bandari za Dar es Salaam na Tanga, kisha husafirishwa kwa barabara mamia ya kilomita hadi Nachingwea na Ruangwa. Kuunganisha nyumba moja moja na bomba la gesi asilia kunawezekana, na miradi ya aina hiyo imeanza katika baadhi ya maeneo ya mikoa ya Lindi, Mtwara, Pwani na Dar es Salaam, lakini hufaa zaidi penye nyumba nyingi zilizo karibu na bomba. Vijiji vilivyotawanyika vya bara havitafikiwa upesi kwa njia hiyo.

Kwa nini mtungi wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza

Kaya ya watu watano inayopika kila kitu kwa gesi inaweza kumaliza mtungi wa kilo 6 ndani ya wiki mbili hadi nne. Kuujaza tena hugharimu zaidi ya Sh 20,000. Kwa hiyo ruzuku iliyotolewa kwa kaya wakati wa kununua ni sawa na thamani ya kujaza mtungi mara moja hivi, ilhali kaya inayotaka kuacha kuni kabisa itahitaji kulipa kiasi hicho mara kumi na mbili au zaidi kwa mwaka.

Ugumu huo unazidishwa na kalenda ya mapato. Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa hutegemea hasa korosho, ufuta na mbaazi, mazao yanayouzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake linaunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ufuta na mbaazi huleta fedha katikati ya mwaka, na korosho huleta fedha kuanzia Oktoba hadi karibu na mwaka mpya. Katika miezi ya masika, baada ya malipo ya korosho kwisha na kabla ya ufuta kuvunwa, fedha taslimu huwa haba. Ndiyo miezi ambayo mtungi mtupu hukaa pembeni na mafiga kurudishiwa moto. Ni miezi hiyo hiyo ambayo kuni huwa mbichi kwa mvua na kutoa moshi mwingi, na familia hupikia ndani badala ya uani.

Umbali nao ni gharama. Kama wakala wa gesi yuko makao makuu ya wilaya tu, mwenye mtungi mtupu kijijini hulipa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na safari hiyo humaliza sehemu ya siku ya kazi. Kaya nyingi hujibu kwa kutunza gesi: huitumia kwa chai ya asubuhi au kupasha kiporo, na ugali, mbaazi na maharage hubaki kwa kuni. Kwa takwimu za usambazaji, kaya hiyo huhesabiwa kuwa imefikiwa. Kwa mapafu ya mama anayepika, kilichobadilika ni kidogo.

Utafiti unasema nini

Wahudumu wa afya wanastahili kuelezwa ukweli wote wa kisayansi, kwa kuwa ndio watakaoulizwa maswali. Matokeo ya majaribio makubwa hayakuwa mepesi kama ilivyotarajiwa.

Nchini Malawi, jaribio lililochapishwa mwaka 2017 liliwahusisha watoto 10,750 wa vijijini. Nusu ya vijiji vilipewa majiko ya kuni yaliyoboreshwa yenye feni. Hakukuwa na tofauti ya kiwango cha nimonia kati ya watoto wa makundi hayo mawili. Jaribio la mapema zaidi nchini Guatemala, lililochapishwa mwaka 2011, lilitumia jiko la kuni lenye bomba la kutolea moshi. Nimonia kwa ujumla haikupungua kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu, lakini nimonia kali ilipungua kwa takriban theluthi moja, na watoto waliopata moshi kidogo zaidi ndio walionufaika zaidi.

Baadaye jaribio la nchi nne, yaani Guatemala, India, Peru na Rwanda, liliwapa majiko ya gesi na gesi ya bure nusu ya wajawazito wapatao 3,200, na kuwafuatilia hadi watoto wao walipofikisha mwaka mmoja. Kiwango cha moshi walichovuta wanawake hao kilipungua sana. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 na 2024 hayakuonyesha tofauti ya uhakika katika uzito wa kuzaliwa wala katika nimonia kali ya watoto.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba moshi hauna madhara. Yanafundisha mambo matatu. Kwanza, kuboresha jiko la kuni peke yake mara nyingi hakupunguzi moshi kufikia kiwango kinachoulinda mwili. Pili, hewa ya kijiji ni ya wote: kaya moja inayopika kwa gesi katikati ya kaya ishirini zinazowasha kuni na kuchoma taka bado huvuta moshi wa majirani. Tatu, madhara makubwa kwa watu wazima, kama ugonjwa sugu wa njia za hewa, kiharusi na maradhi ya moyo, hujengeka kwa miaka mingi, na jaribio la mwaka mmoja au miwili haliwezi kuyapima. Kwa hiyo sera inayotarajia faida ya kiafya lazima ilenge matumizi ya kudumu na ya kijiji kizima, badala ya kutawanya vifaa vichache katika maeneo mengi.

Nafasi ya umeme

Kwa kaya iliyounganishwa umeme, jiko la presha la umeme ni njia ambayo bado haijazingatiwa vya kutosha. Vyakula vinavyomaliza kuni nyingi ni vile vya kuchemka muda mrefu, kama mbaazi, kunde, maharage na makande. Jiko hilo hupika maharage kwa takriban nusu uniti ya umeme, kwa kuwa huhifadhi joto na mvuke. Mteja mdogo wa majumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akipika mara mbili kwa siku kwa jiko hilo, atatumia takriban uniti 30 kwa mwezi, sawa na Sh 3,000 kabla ya kodi na tozo. Kiasi hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na bei ya kujaza mtungi. Tahadhari ni kwamba matumizi yakivuka uniti 75, bei ya uniti zinazozidi hupanda zaidi ya mara mbili. Kikwazo cha pili ni bei ya jiko lenyewe, na cha tatu ni kukatika kwa umeme.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba si lazima kaya ichague nishati moja. Umeme kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu na gesi kwa ugali na chai vinaweza kuufanya mtungi mmoja wa kilo 6 udumu muda mrefu zaidi. Ruzuku inayogusa vifaa vyote viwili ingekuwa na nguvu kuliko inayogusa kimoja.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Swali kuhusu jiko halichukui dakika moja, lakini mara nyingi haliulizwi. Kwa mama anayeleta mtoto mwenye kikohozi, kwa mjamzito katika hudhurio la kwanza la kliniki, na kwa mtu mzima mwenye kikohozi cha muda mrefu, mhudumu anaweza kuuliza mambo manne: nishati gani hutumika kupika, mahali pa kupikia ni ndani au nje, mtoto hukaa wapi wakati wa kupika, na mtungi kama upo ulijazwa lini mara ya mwisho. Jibu la swali la mwisho hueleza mengi kuliko kuuliza kama kaya ina gesi.

Mwanamke mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea, asiyevuta sigara, mwenye kikohozi sugu na kupumua kwa shida, apimwe kwanza kifua kikuu kama miongozo inavyoelekeza. Kipimo kikionyesha hana kifua kikuu, asirudishwe nyumbani na antibiotiki kila mara bila uchunguzi zaidi. Historia ya miaka mingi ya kupika kwa kuni ni sababu ya kutosha ya kufikiria ugonjwa sugu wa njia za hewa na kumpa rufaa ya kwenda kupimwa uwezo wa mapafu.

Mgonjwa anayeletwa akiwa na kichwa kinachouma, kizunguzungu, kutapika au kupoteza fahamu baada ya kulala chumba chenye jiko la mkaa, atolewe mahali hapo penye hewa, apewe oksijeni kwa wingi na apelekwe hospitali. Kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni kisiaminiwe katika hali hii, kwa kuwa huweza kuonyesha namba ya kawaida ilhali damu imejaa kaboni monoksaidi.

Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, ambao unalenga kuwafikia wahudumu 137,294 nchini kwa miaka mitano, unafungua mlango mpya. Wahudumu hao huingia nyumbani na huona jiko kwa macho yao. Wakiongeza katika taarifa zao kipengele cha nishati inayotumika na mara ambazo mtungi umejazwa, halmashauri itapata picha ya matumizi halisi, jambo ambalo hesabu ya mitungi iliyogawiwa haiwezi kutoa.

Vituo vya afya vyenyewe vinapaswa kuwa mfano. Katika hospitali nyingi, ndugu wa wagonjwa hupika kwa kuni katika banda lililo karibu na wodi. Mgonjwa wa pumu huletwa kutibiwa, na dadake hukaa katika moshi ule ule akimpikia uji.

Kwa mgonjwa na familia yake

Kaya ambayo bado haimudu kuacha kuni inaweza kupunguza madhara. Kuni zikaushwe na zihifadhiwe pasipofikiwa na mvua. Mapishi yafanyike nje au penye upepo unaopita. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kuchochea moto, bali akae na mtu mwingine mbali na moshi. Mbaazi, kunde na maharage vilowekwe usiku kucha na sufuria ifunikwe, ili muda wa kupika upungue. Taka za plastiki zisitumike kuwashia moto. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa kulala kwa sababu yoyote.

Kaya yenye mtungi wa gesi izingatie usalama. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Ikisikika harufu yake, valvu ifungwe, milango na madirisha yafunguliwe, na swichi ya umeme au kiberiti visiguswe. Mpira wa gesi ukaguliwe kwa povu la sabuni, na mtungi usimamishwe wima mahali penye hewa.

Kuhusu fedha, vikundi vya kuweka na kukopa na vyama vya msingi vinaweza kutenga sehemu ya malipo ya korosho na ufuta kwa ajili ya kujaza mitungi ya wanachama katika miezi ya masika. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inaweza kumwezesha kijana au kikundi cha akina mama kuwa wakala wa gesi kijijini, na hivyo kuondoa nauli katika bei ya kila mtungi.

Kinachohitajiwa katika sera

Mkakati wa mwaka 2024 umeweka lengo kubwa, na ruzuku ya mitungi imewafungulia njia wananchi ambao wasingeweza kununua kwa bei kamili. Mafanikio yake kiafya yatategemea hatua inayofuata. Ruzuku ndogo ya kujaza inayotolewa katika miezi ya ukata, mita zinazomruhusu mtumiaji kulipia gesi kidogo kidogo kama zinavyotumika tayari katika sehemu za Dar es Salaam, mawakala katika kila kata, na kipaumbele kwa kaya zenye wajawazito na watoto wachanga ni hatua zinazoweza kupangwa na kupimwa. Kipimo nacho kibadilike: pamoja na kuhesabu mitungi iliyouzwa, ihesabiwe mitungi iliyojazwa tena.

Kuni huwachukulia wanawake wa Nachingwea na Ruangwa saa nyingi za wiki, na katika sehemu zinazopitiwa na tembo safari ya kuokota kuni ni hatari kwa maisha. Fedha ya umma inayomwondolea mama safari hiyo na moshi wake ni fedha ya afya, hata kama imeandikwa katika bajeti ya nishati. Zahanati ndiyo itakayoonyesha kama imetumika vizuri, kwa idadi ya watoto wanaoletwa na kikohozi masika yanapofika.